Sura ya Sita: Shule Zilizochukuliwa, Hospitali Zilizorudishwa

Mwanzoni mwa mwaka 1970 walimu wa shule za misheni nchini Tanzania waliingia darasani kama kawaida, ila shule hazikuwa tena za misheni. Kengele ilikuwa ile ile, ubao ule ule, na mara nyingi hata mwalimu mkuu hakuwa amebadilika. Aliyebadilika ni mwenye shule. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikuwa imeziweka shule hizo mikononi mwa serikali, na kazi ya vizazi vitatu vya wamisionari na waumini ikahamia upande wa pili wa daftari.

Majina nayo yakahama. Mtakatifu Fransisko ya Pugu ikabaki Pugu. Mtakatifu Maria ya Tabora ikawa Milambo. Marian College, ambayo masista wa Maryknoll waliijenga Morogoro kwa ajili ya wasichana, ndiyo Kilakala ya leo. Minaki ya Waanglikana, Ilboru ya Walutheri, Umbwe na Ihungo za Wakatoliki, zote zikaingia katika orodha ya shule za umma, na vijana waliosoma humo miaka iliyofuata wengi wao hawakujua nani aliweka jiwe la kwanza. Shule ya wasichana ya Rugambwa, kule Bukoba, iliachiwa jina lake. Hadi leo ni shule ya serikali inayoitwa kwa jina la kardinali.

Sura hii inaeleza jinsi serikali na makanisa walivyorudi kukaa meza moja baada ya hapo. Nitasema mapema ninachoamini, ili msomaji anipime kadiri tunavyoendelea: uhusiano ule haukutengenezwa na hotuba za maridhiano wala na viongozi kukaa kiti cha mbele kwenye misa za kuwekwa wakfu maaskofu. Ulitengenezwa wodini. Ulitengenezwa kwenye mishahara ya wauguzi, kwenye dawa zilizokosekana hospitali za serikali, na hatimaye kwenye karatasi iliyotiwa saini. Na kwa kuwa ulitengenezwa hivyo, una nguvu ya kitu kinachotumika kila siku. Una pia kasoro ambazo hotuba nzuri zisingeweza kuzificha.

Kwanza tuelewe kilichochukuliwa. Sehemu kubwa ya nchi, shule haikuwa tu jengo la Kanisa. Parokia yenyewe ilianzia hapo. Mwalimu wa darasa la kwanza ndiye aliyekuwa katekista Jumapili. Miito ya upadre na usista ilichipuka kwenye madawati yale. Waumini walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakatoa kahawa na kuku ili mwalimu apate kula. Wazee wa Kilimanjaro, Songea au Bukoba walipoambiwa kwamba shule sasa ni ya taifa, hawakusikia habari ya kisera. Walisikia kwamba kitu walichokijenga kwa mikono yao kimepata mwenyewe mwingine bila wao kuulizwa.

Lakini hoja ya serikali ilikuwa ya haki, na anayesimulia habari hii bila kuieleza sawasawa anamdanganya msomaji. Tangu miaka ya 1920, Waingereza walipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yao, fedha ya umma ilikuwa ikiingia humo. Kufikia uhuru mwaka 1961 makanisa yaliendesha zaidi ya nusu ya shule za nchi huku mishahara ya walimu wengi ikitoka hazina. Wakati huo huo mtoto wa Kiislamu wa Kilwa, Pangani au Ujiji alikuwa na njia nyembamba sana ya kufika sekondari. Shule za misheni zilikuwa chache pwani, na pale zilipokuwapo mzazi Mwislamu aliogopa, mara nyingi kwa sababu za kweli, kwamba mwanawe angerudi nyumbani na jina la ubatizo. Ubaguzi wa rangi shuleni ulikuwa umefutwa mara tu baada ya uhuru. Kisha likaja Azimio la Arusha la Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea mwezi uliofuata. Nchi iliyosema watu wote ni sawa isingeweza kuendelea kumwambia mtoto kwamba mlango wa kidato cha kwanza unategemea dini ya mwenye shule.

Aliyefanya uamuzi huo alikuwa mtoto wa shule hizo hizo. Julius Nyerere alibatizwa Desemba 1943. Alitoka Makerere akafundisha Mtakatifu Maria, Tabora, ambako Padre Richard Walsh, mmoja wa Mapadre Weupe, alikuwa mkuu wa shule na akamsaidia kwenda Edinburgh mwaka 1949. Aliporudi akafundisha Pugu, kwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Machi 1955, baada ya kwenda Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika, alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaandika barua ya kujiuzulu. Miaka kumi na minne baadaye shule zote mbili zilikuwa mikononi mwa serikali aliyoiongoza. Naye akaendelea kwenda misa, asubuhi kwa asubuhi, kwa mapadre ambao mashirika yao yalikuwa yamepoteza shule kwa sahihi yake. Sijui ni kiongozi gani mwingine wa Afrika wa kizazi chake aliyekaa katika nafasi ngumu namna hiyo kwa miaka mingi bila kukimbia upande mmoja.

Wengi husema kwamba imani ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyozuia ugomvi usiwe vita. Kuna ukweli, lakini si wote. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wamejiandaa kwa namna ambayo haikumbukwi sana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, ulikuwa umewafundisha kuitazama dunia kama mahali pa kutumikia, si ngome ya kulinda. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Azimio, walitoa barua ya kichungaji iliyolipokea lengo la jamii yenye usawa. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuvaa kofia nyekundu, mwaka 1960, alikuwa amehamishiwa Dar es Salaam. Mtu ambaye jina lake liko kwenye lango la shule iliyochukuliwa angeweza kuwa kinara wa upinzani. Hakuwa.

Serikali nayo iliacha milango miwili wazi, na naamini hiyo ndiyo iliyokuwa busara yake kubwa. Seminari hazikuguswa: Kanisa liliachiwa mahali pa kulea mapadre wake. Na vipindi vya dini vilibaki kwenye ratiba ya shule za umma, kila dhehebu likileta mwalimu wake, na mashehe wakiingia humo humo. Kwa hiyo padre aliyepoteza shule hakupoteza wanafunzi. Aliingia kama mgeni, saa yake ikifika, katika darasa ambalo zamani lilikuwa lake. Ilimuuma. Lakini aliingia. Ugomvi mwingi kati ya Kanisa na dola duniani umekwenda mbali kwa sababu aliyeshinda alitaka pia kumnyima aliyeshindwa mahali pa kusimama.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, mambo yalikwenda hivyo. Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kuondoka na kukaa Roma kwa miezi. Mwishoni mwa mwaka 1974 shule zote za makanisa zikataifishwa, na hata Krismasi ikaondolewa katika orodha ya sikukuu. Dola lilikuwa limeubeba mzigo ambao halikuwa na mgongo wa kuubeba. Februari 1977 serikali ya Mobutu ilitia saini makubaliano ya kuyarudishia makanisa uendeshaji wa shule, serikali ikibaki na mishahara na mitaala. Mfumo huo upo Kongo hadi leo. Wakongo walipita njia ya matusi na uhamisho wakafika, ndani ya miaka mitano, pale ambapo Watanzania walifika kimya kimya kwa miaka ishirini na miwili. Sina hakika nani kati yao aliumia zaidi, maana ukimya nao una gharama yake.

Gharama ya ukimya wa Tanzania ililipwa miaka ya 1970. Oktoba 1970, akiwa New York mbele ya masista wa Maryknoll, Nyerere aliwaambia watawa kwamba Kanisa lisiloshiriki mapambano ya maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza litapoteza maana machoni pao. Ni hotuba nzito, na bado inasomwa seminarini. Miaka mitatu baadaye, Novemba 1973, kuhamia vijijini kukawa amri. Watu walipakiwa kwenye malori, nyumba nyingine zikabomolewa ili wasirudi, mazao yakaachwa shambani. Vigango vilivyojengwa kwa miaka mingi vikabaki porini bila waumini. Kanisa lililoambiwa liwasimamie wanaokandamizwa lilinong'ona. Wapo maaskofu waliozungumza na viongozi faraghani, na hilo lilisaidia hapa na pale. Lakini mkulima aliyechomewa nyumba hakusikia sauti yoyote mimbarini. Wasioujua wakati ule hulaumu woga. Mimi nadhani ilikuwa pia aina ya upendo uliokosea: walimwamini mno mtu mmoja.

Hata hivyo jambo moja jema lilizaliwa humo. Kanisa lililopoteza shule lililazimika kuwatafuta watu wake majumbani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji, na Tanzania zilishika mizizi haraka kwa sababu watu walikwishazoea kukutana kwa nyumba kumi kumi za TANU. Mama asiyejua kusoma vizuri akawa msomaji wa Injili chini ya mwembe. Leo ukifika parokia yoyote ya Dar es Salaam kuomba barua ya ubatizo wa mtoto, utaulizwa kwanza jumuiya yako ni ipi.

Kilichorudisha pande mbili mezani ni ufukara. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, ukame, viwanda vilivyosimama: kufikia katikati ya miaka ya 1980 serikali iliyokuwa imechukua kila kitu haikuwa na uwezo wa kukiendesha. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imejaza madarasa, jambo la kujivunia kabisa, lakini watoto walikaa sakafuni. Zahanati za serikali zilikuwa na jengo, mganga na rejista, dawa hakuna. Ndipo watu walipoanza kutembea tena kuelekea Peramiho, Ndanda, Haydom, Ifakara na Nkinga, kwa sababu kule kulikuwa na kwinini, kulikuwa na jenereta, na sista alikuwepo usiku.

Hospitali, tofauti na shule, hazikuwa zimechukuliwa kwa mkupuo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ilikuwa imebuni utaratibu wa hospitali teule: wilaya isiyokuwa na hospitali ya serikali iliitambua ile ya Kanisa kuwa hospitali ya wilaya, na hazina ikalipia vitanda na watumishi. Pale Muheza watu wamezoea kuiita hospitali yao Teule, na mgonjwa anayepelekwa huko hashughuliki na swali la nani mwenye jengo. Utaratibu huo ulikuwa mdogo na wa kikarani, lakini ulifanya kazi ambayo hakuna kongamano lililoweza kuifanya. Mganga mkuu wa wilaya na sista msimamizi walilazimika kukaa pamoja kila mwezi, kuhesabu vitanda, kugombana juu ya ruzuku iliyochelewa, kusaini, na kukutana tena. Watu wanaogombana juu ya hesabu ya vitanda hawawezi kuogopana kwa muda mrefu.

Bugando ndiyo mfano mkubwa. Wakatoliki waliijenga juu ya kilima cha Mwanza kwa msaada wa wafadhili wa Kanisa la Ujerumani, ikafunguliwa mwaka 1971, na mwaka uliofuata ikataifishwa. Kwa miaka kumi na mitatu serikali iliiendesha kadiri ilivyoweza, na mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Mwalimu aling'atuka, ilirudishwa kwa Baraza la Maaskofu. Haikurudishwa kama ilivyochukuliwa. Kanisa likawa mwenye hospitali na mwendeshaji. Serikali ikaendelea kulipa watumishi. Na hospitali ikabaki ya rufaa kwa Kanda yote ya Ziwa, kwa mgonjwa wa dini yoyote na asiye na dini. Mwaka 2003 chuo cha madaktari kilianza hapo hapo. Nikiulizwa ni wapi uhusiano ulianza kupona, sitataja ikulu wala kanisa kuu. Nitataja Bugando.

Makubaliano yenyewe yaliandikwa Februari 1992. Upande mmoja Serikali ya Jamhuri ya Muungano, upande wa pili Jumuiya ya Kikristo Tanzania, inayounganisha makanisa ya Kiprotestanti, pamoja na Baraza la Maaskofu Katoliki. Rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu kutoka Zanzibar. Serikali iliyatambua makanisa kama wabia katika elimu na afya na kuahidi kuwasaidia; makanisa yaliahidi kuendelea kuhudumia watu wote bila kubagua. Kwa waliokumbuka mwaka 1970, jambo la msingi lilikuwa hakikisho kwamba kilichojengwa hakitachukuliwa tena. Bila hakikisho hilo, askofu gani angeomba fedha ya kujenga shule? Hata mwenye fedha angeuliza swali hilo.

Makubaliano hayo yalizaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na hapo pana jambo ambalo halijapewa uzito wake. Ili kuzungumza na serikali, Wakatoliki na Waprotestanti walilazimika kuwa na ofisi moja. Watu hawa, au tuseme babu zao, waligombea vijiji kama wafanyabiashara wanavyogombea kona ya barabara: Wakatoliki wakifungua shule hapa, Walutheri wanafungua nyingine mlima wa pili, mtoto wa huku akikatazwa kucheza na wa kule. Sasa mratibu wa afya wa dayosisi na wa jimbo waliketi wakiandaa takwimu moja ya kupeleka wizarani. Katika kutafuta amani na dola, makanisa yalipata pia amani kati yao, na kwa maoni yangu hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Baada ya hapo shule zilirudi kwa njia nyingine, kwa kujengwa upya. Sekondari za makanisa zilifumuka kila mkoa, na kwa miaka mingi sasa St. Francis ya Mbeya na Marian ya Bagamoyo zimekuwa majina ya kawaida kwenye kilele cha matokeo ya kidato cha nne. Vyuo vikuu vikafuata, Tumaini na Mtakatifu Agustino miongoni mwa vya kwanza. Majengo ya zamani machache yalirejea pia. Sekondari ya Alliance ya Dodoma, iliyoitwa baadaye Mazengo, ilikabidhiwa kwa Kanisa Anglikana, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana kikaanza katika eneo lile lile. Swali linaloniuma hapa ni la ada. Shule za misheni zilichukuliwa ili mtoto wa maskini apate nafasi. Shule za makanisa zilizojengwa upya nyingi haziwezi kulipiwa na mtoto huyo. Maaskofu wanalijua hili, na sijaona jibu linaloridhisha.

Sasa tufike kwa yule ambaye hakuwa mezani. Mwaka 1968, wakati maaskofu wakiandika barua yao ya kuupokea ujamaa, serikali iliipiga marufuku Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwezi huo huo wa Desemba BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania, ikazaliwa. Jumuiya ile ilikuwa na shule na mipango ya elimu ya juu. Kwa Mwislamu anayeikumbuka historia hiyo, makubaliano ya 1992 hayasomeki kama tiba. Yanasomeka kama mkataba kati ya serikali isiyo na dini na dini moja, ulioandikwa bila yeye kujua, ukitumia kodi yake. Mwaka huo huo kilitoka kitabu cha Padre John Sivalon wa Maryknoll, *Kanisa Katoliki na Siasa ya Tanzania Bara 1953 hadi 1985*, na masimulizi yake kuhusu jinsi viongozi wa Kanisa walivyouona ujamaa na Uislamu yaliongeza kuni. Kitabu kilichoandikwa na padre kikawa ushahidi unaonukuliwa misikitini.

Wakristo wengi hujibu malalamiko haya haraka mno. Husema: hospitali zetu zinamtibu kila mtu, na Waislamu nao wajenge zao. Sehemu ya kwanza ya jibu ni kweli, na mwanamke Mwislamu aliyejifungulia Ndanda anaweza kushuhudia. Sehemu ya pili inasahau kwamba makanisa yalijenga kwa miaka mia moja yakiwa na ruzuku ya mkoloni na wafadhili wa Ulaya, na kwamba chombo ambacho Waislamu wangeweza kujengea kilivunjwa na dola lile lile. Mkataba unaomrudishia mmoja haki yake huku mwingine akibaki na kidonda hauwezi kuitwa maridhiano ya taifa, hata kama kila kifungu chake ni cha haki. Serikali iliposaidia Waislamu kupata majengo ya chuo cha TANESCO pale Morogoro, chini ya Rais Mkapa, na Chuo Kikuu cha Waislamu kikafunguliwa humo mwaka 2005, ilipiga hatua sahihi. Ilikuwa zawadi, hata hivyo, si mkataba. Zawadi hutegemea aliyeketi ikulu. Ninaloliomba, nikiwa nimesoma habari hizi kwa muda mrefu, ni kwamba yaliyoandikwa mwaka 1992 yaandikwe tena kwa macho ya wote, Bungeni, yakiwa na milango kwa taasisi yoyote ya dini inayohudumia umma kwa kipimo kimoja. Makanisa yangekuwa ya kwanza kuomba hivyo kama yangeyapenda makubaliano yenyewe kuliko nafasi yao ndani yake.

Linabaki jambo la sauti. Katiba, katika ibara ya 19, inaziweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Lakini askofu ambaye manesi wake wanalipwa na hazina anapopanda mimbarini, je, yuko huru? Ukimya wa miaka ya 1970 ulitokana na imani kwa mtu. Ukimya wa sasa, ukija, utatokana na bajeti.

Jaribio lilikuja mwaka 2018. Wakati wa Kwaresima, maaskofu Wakatoliki walitoa ujumbe uliolalamikia kubanwa kwa shughuli za siasa na uhuru wa maoni. Kabla ya Pasaka, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) nao wakatoa waraka wao, *Taifa Letu, Amani Yetu*, wakitaja hofu, watu kupotea na haja ya katiba mpya. Mwishoni mwa Mei ofisi ya Msajili wa Jumuiya ikawaandikia Walutheri barua ikiwapa siku 10 kuufuta waraka huo. Ilikuwa lugha ambayo Kanisa halikuwa limeisikia tangu uhuru: dola likimwambia mchungaji aeleze kwa maandishi kwamba hakusema alichosema. Barua ilipovuja, waziri wa mambo ya ndani alitangaza kuwa si halali, na msajili akasimamishwa kazi. KKKT halikufuta neno.

Nimesikia wakosoaji wakisema kwamba serikali ilirudi nyuma kwa sababu ya kelele za mitandaoni. Huenda. Lakini tufikirie pia Ilembula, Haydom, KCMC, na wilaya zote ambazo mgonjwa anategemea kitanda cha Kilutheri. Ubia ule ambao tunahofia kwamba unalifunga Kanisa mdomo, siku ile uliifunga serikali mikono. Utegemezi unavuta pande zote mbili, na mhasibu wa wizara anajua hivyo kuliko mwanasiasa.

Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, uliohusu kampuni ya DP World, na Jumapili iliyofuata likasomwa makanisani nchi nzima. Viongozi wa dini walitofautiana hadharani; palikuwa na Waislamu walioliona tamko lile kama shinikizo la Wakatoliki dhidi ya rais Mwislamu, na hapo matunda ya jeraha lisilotibiwa la 1968 yakaonekana tena. Rais Samia Suluhu Hassan hakuwaita maaskofu wala kuwatisha. Siku chache baadaye alikuwa Arusha, mgeni katika jubilei ya miaka 60 ya KKKT, akasema hakuna mwenye uwezo wa kuligawa taifa wala kuliuza. Oktoba 22 mikataba ya utekelezaji ikatiwa saini Dodoma, ikiwa na ukomo wa miaka 30, na serikali ikaeleza kuwa maoni ya wananchi yalizingatiwa. Maaskofu hawakupata walichokitaka, maana walitaka mkataba uachwe. Serikali nayo haikupata baraka ilizozitaka. Na mwezi ule wote ruzuku ya Bugando ilikuwa suala la wizara ya afya, wala si la bandari.